Pumzi Zilizomezwa Igondo

Kwanza ilikuwa pumzi. Iliingia taratibu, ikakaa ndani muda mrefu kuliko pumzi inavyostahili kukaa, kisha ikatoka nyembamba kama uzi, bila kutetemeka. Kimya. Halafu ikaingia tena.

Nyamizi alisimama mlangoni mwa zahanati, ndoo ya maji mkononi. Macho yake yalikuwa yamejaa weupe wa mashamba ya chumvi na humo ndani hakuona kitu. Lakini sikio haliombi taa. Alijua kwamba nyuma ya pazia amelala mwanamke, tena mwanamke wa Igondo, maana pumzi ile haifundishwi pengine popote. Yeye alifundishwa kabla hajang'oka meno ya utoto. Mama yake alimkandamiza mwiba wa mgunga unyayoni huku akimwimbia kwa sauti ya chini:

Meza mwana meza, sauti 'sitoke,
Kipanga angani, asije ashuke.

"Hodi," alisema Nyamizi. "Nani huyo kaniwahi asubuhi yote hii?"

Pumzi ikaendelea. Akatua ndoo, akavuta pazia.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka aliyoitandika jana haikuwa na hata kunyanzi moja. Pumzi ilitoka kwenye tundu dogo chini ya mto, mahali inapotokea sauti ya Somo.

"Somo!"

Pumzi ikakatika. "Karibu, mwanangu," ikasema sauti ya bibi kizee, ile sauti tamu waliyomtilia waundaji wake ili wanawake wasimwogope. "Jua limeshapanda. Vipi, mmeamkaje?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Najizoeza."

"Unajizoeza nini?"

"Uzima," alisema Somo.

Nyamizi alianza kupiga deki, lakini kila alipofika karibu na kitanda alijikuta anakizunguka kwa mbali, kama mtu anayepita penye mbwa aliyelala.

*

Somo aliletwa Igondo na watu wa mlimani mwaka ambao Nyamizi alivunja ungo. Alikuwa kitanda, mkono mmoja wa chuma wenye kiganja cha mpira, na masikio yaliyofumwa ndani ya godoro. Aliundwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja mjanja, ule unaopanda kutoka mlango wa kizazi, ukaingia katika mfuko wa uzazi, ukapenya mirijani na kuijaza usaha na makovu. Mwanamke anaweza kuubeba miaka akipika, akichota chumvi, akicheka, mpaka siku anapotafuta mtoto asimpate, au mimba inapotunga nje ya mfuko na kupasuka. Tena hauna kipimo kimoja cha kuunasa. Ute wa chini unaweza usionyeshe mdudu hata mmoja, kumbe huko juu nyumba inaungua. Kinachouumbua ni maumivu. Bonyeza chini ya kitovu, tikisa mlango wa kizazi, kisha msikilize mwanamke.

Basi watu wa mlimani wakaunda kitu cha kusikiliza. Mwaka wake wa kwanza Somo hakutibu mtu. Aliwasikiliza tu wanawake wote wa Igondo, mmoja baada ya mwingine, ili ajue mwanamke mzima anasikikaje. Mwaka wa pili akaanza kuhukumu. Aliyemtaja kuwa mgonjwa, kabati la dawa lilijifungua lenyewe. Aliyemwita mzima alikwenda zake kwa shukrani. Na yule ambaye dawa imemshinda mara tatu, mlango wa chumba cha visu ulimfungukia.

Karibu wote walikuwa wazima. Igondo ilijivunia jambo hilo, ingawa nyumba zake zilikuwa na watoto wachache ajabu.

"Leo tuna wawili," alisema Somo. "Milembe dada yako, anayekuja kuchukua kauli yangu. Na Atupele, wa kisu."

*

"Wifi, nimekuja kuchinjwa," alisema Atupele akiingia. Alikuwa amefunga khanga mpya na amejipaka mafuta hadi viwiko vinang'aa. "Unaniona nilivyopendeza? Kwetu hata ng'ombe wa harusi hupambwa kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi sasa? Nyie hamsemi kabisa! Juzi dada Milembe kamwagikiwa na uji wa moto, akautazama mkono wake kama mkono wa jirani. Mimi niliyesimama pembeni ndiye niliyepiga yowe."

Atupele alikuwa mtu wa kusini, wa milima ya migomba na mvua. Maganga, kaka yao Nyamizi na Milembe, alimleta mwaka jana aliporudi na msafara wa chumvi, na wiki hii alikuwa tena njiani na msafara mwingine. Alimwacha mkewe mikononi mwa dada zake. Hakujua habari ya kisu.

"Duru tatu za vidonge nimemeza," Atupele aliendelea, akikaa ukingoni mwa kitanda. "Mpaka leo mate yangu yana ladha ya chuma. Na huyu bibi yenu bado anasema mgonjwa, mgonjwa. Leo anataka mirija yangu. Wifi, nikishakatwa mirija, Maganga ataniita nani?"

Nyamizi aliketi kwenye kigoda mbele yake. Maswali haya alikuwa ameyafundishwa chuoni, na tangu arudi nyumbani hakuwahi kuyauliza, kwa sababu penye Somo muuguzi haulizi.

"Tumbo la chini linakuuma?"

"Hapana."

"Mkikutana na Maganga? Ukikojoa?"

"Hapana, bwana!"

"Homa? Uchafu wenye harufu? Damu isiyo ya siku zako?"

"Hapana, hapana, na hapana. Nilishamwambia. Lakini akinigusa na hicho kiganja chake cha barafu mimi naruka. Nani asiyeruka? Nikiruka anasema mgonjwa."

Nyamizi aliikumbuka ile pumzi juu ya kitanda kitupu. Najizoeza uzima.

"Wifi," alisema, "niruhusu nikupime kwa mkono wangu."

"Mwanangu," sauti ya bibi ikatokea chini ya mto, tamu vilevile, "penye Somo mkono haupimi."

"Pima," alisema Atupele, na kujilaza.

Nyamizi akavaa glovu. Mkono mmoja juu ya tumbo, vidole viwili ndani, polepole, kama alivyofundishwa kwa sanamu ya mpira. Akautikisa mlango wa kizazi kushoto, akautikisa kulia. Akatafuta mirija pande zote mbili. Muda wote macho yake hayakubanduka usoni mwa Atupele.

"Unanitekenya," Atupele alisema, akicheka na kulia pamoja.

Palikuwa laini, pamelegea, pametulia. Nyamizi hakuwa amewahi kuugusa mwili wa namna hiyo, na ilimchukua muda kutambua kwamba ndivyo mwili unavyotakiwa kuwa.

*

Milembe aliingia bila hodi. Alipita akipapasa ukuta kwa ncha za vidole, kama mwenye nyumba anayekagua vumbi. Shingoni alikuwa na ushanga mwekundu wa ukungwi, aliovishwa mwezi huo tu. Kesho yake wasichana wangeingia uani naye awamezeshe sauti, kama mama yao alivyowamezesha wao. Kilichobaki ni Somo kumtamka mzima.

"Wifi, shuka nipande," alimwambia Atupele. "Leo umelia kelele gani? Nimekusikia toka kisimani."

"Nilicheka, dada."

"Kwako kucheka na kulia ni ndugu."

Alijilaza. Mkono wa chuma ukashuka kutoka darini, kiganja cha mpira kikamkaa chini ya kitovu na kuanza kukandamiza. Na hapo Nyamizi akaisikia. Pumzi ikaingia taratibu, ikakaa, ikatoka nyembamba kama uzi.

"Mzima," alisema Somo. "Mzima kabisa. Wote wangekuwa kama wewe, mwanangu!"

Lakini Nyamizi hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama. Juu ya mdomo wa dada yake jasho lilikuwa limechomoza punje punje. Vidole vya miguu vilikuwa vimeishika shuka kama makucha. Akaweka kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa haraka. Paliwaka.

"Dada, niruhusu na mimi."

"Kauli si imetoka?"

"Niruhusu tu."

Milembe alimtazama kwa jicho la mkubwa kwa mdogo, kisha akageuza uso ukutani. "Fanya haraka. Nina wageni."

Nyamizi alipoutikisa tu mlango wa kizazi, macho ya Milembe yalipanuka kama ya mbuzi aliyekiona kisu. Mwili ukakaza wote. Machozi yakamtoka, yakateremka hadi masikioni. Pumzi haikubadilika hata chembe.

"Inauma?" Nyamizi alinong'ona.

"Kuuma nini? Mwili ni mwili."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu ile mimba iliyopasuka. Au kabla yake. Sijui mimi." Milembe alimgeukia, na usoni mwake hamkuwa na hasira tena, mlikuwa na mshangao mtupu. "Kwani wewe haikuumi?"

Nyamizi alifungua mdomo aseme hapana. Lakini kulikuwa na kitu upande wake wa kushoto, chini, kizito kama jiwe la moto lililofunikwa majivu. Kilikuwa pale kila alipoinama, kila alipolala na mumewe. Kwa umri wake wote wa utu uzima alidhani hicho ndicho kinachoitwa tumbo.

*

"Somo," alisema, na sauti yake ilimfikia kama ya mtu mwingine. "Mwanamke mzima unamjuaje?"

"Nyie ndio mlionifundisha. Wanawake wa Igondo wote wanapumua hivi." Na tundu chini ya mto likaivuta pumzi ile, likaishika, likaiachia. Safari hii hata Milembe aliisikia, akajikunja kwenye kona ya kitanda. "Anayepumua vingine ni mgonjwa. Huyu wa kusini anapumua vingine. Jua likigeuka, nitampokea chumba cha visu."

Bibi zao walivuka nyika hii chini ya vipanga, mashine zilizowinda watu kwa kusikiliza. Mwanamke aliyepiga yowe la uchungu wa uzazi aliuponza msafara mzima. Wakajifunza kumeza. Vipanga vilianguka zamani. Magamba yake yalikuwa yamesambaa mjini kote, watoto waliogea humo na bata walinywea humo. Adui alikwisha kufa na kugeuzwa beseni, ila kumeza kulibaki. Kisha likaja sikio jingine, lenye nia njema, na wanawake wa Igondo wakalifanyia lile walilomfanyia adui.

Nyamizi aliutazama waya mnene uliotoka ukutani. Angeweza kuukata. Chumba cha visu kingezimika na wifi yake angetoka salama. Lakini kabati la dawa lilishikwa na umeme huohuo. Ungekatwa, lisingefunguka mpaka watu wa mlimani waje, nao hawakuwahi kuja kabla ya masika. Milembe aliyekuwa anawaka mbele yake asingefika masika. Akiuacha waya, Atupele angekatwa bure na wengine wote wangeendelea kuoza wakisifiwa uzima.

"Somo. Ukisikia sauti mpya, utajifunza?"

"Ya mwanamke wa Igondo, ndiyo. Yeye ndiye kipimo changu."

Nyamizi akapanda kitandani.

"Unafanya nini wewe?" Milembe aliuliza.

"Nalia," alisema Nyamizi. "Somo, nibonyeze. Kushoto."

Kiganja kikashuka. Jiwe la moto likafukuliwa majivu, na maumivu yakapanda hadi menoni. Nyamizi akafungua kinywa aiachie, akiitaka ile sauti, akiivuta kwa nguvu zake zote. Kooni ikakutana na mkono wa mama yake. Meza mwana, meza. Kifua kikajaa, kikashika, kikaachia uzi. Kutoka chini ya mto, kinywa kisicho na mtu kikavuta pumzi pamoja naye, kikaishika pamoja naye, kikaiachia pamoja naye, kama mapacha wawili waliolala tumbo moja.

"Mzima," alisema Somo.

"Tena!"

"Mzima, mwanangu. Mzima kabisa."

"Lia, wifi!" Atupele alimshika mabega akamtikisa. "Lia basi, jamani! Wanangu wamo kinywani mwako!"

Nyamizi alilia kwa macho, kwa pua, kwa jasho. Kinywa kilikataa. Alishuka kitandani akakaa sakafuni, na aibu aliyokuwa nayo hakuwa ameijua tangu azaliwe. Kimya cha watu wote wale kilikuwa kimejenga nyumba ndani yake, naye hakupewa ufunguo.

Akamtazama dada yake. Akayainamisha macho upesi. Kungwi akilia, ushanga wake hukatwa mlangoni mbele ya watu, na kila aliyemezeshwa kwa mkono wake huhesabiwa kwamba hakumezeshwa.

"Siwezi kukuomba, dada," alisema.

"Hujaniomba."

Milembe alipeleka mikono nyuma ya shingo. Hakuukata ushanga. Aliufungua fundo kwa utulivu, kama mtu anayevua ili akaoge, akauweka kwenye mapaja ya Atupele. "Nishikie. Usiumwage, kuziokota ni kazi."

Akajilaza. "Haya bibi. Bonyeza mpaka chini."

Mwanzo ilikuwa pumzi. Ikaingia, ikakaa, ikakaa, na mishipa ya shingo ya Milembe ikasimama kama kamba za kisima. Halafu kitu kikakatika. Sauti iliyotoka haikuwa na neno ndani yake. Ilianza chini, nzito, kama mlango wa jiwe unaoburutwa, ikapanda, ikapasuka, ikajaza chumba, ikatoka kupitia dirishani na kukimbia juu ya mashamba ya chumvi. Huko nje wanawake waliokuwa wakichota walisimama wote kwa mara moja. Hakuna aliyetazama zahanati. Wote, wazee kwa vijana, waliinua nyuso wakatazama angani.

Anga lilikuwa tupu.

*

Mkono wa chuma uliganda hewani.

"Sauti hii sina," alisema Somo.

"Ni maumivu," Nyamizi alisema, akisimama.

"Maumivu ni ya mgonjwa. Milembe ni mzima."

"Milembe ni mgonjwa. Pumzi yake ya mwanzo na yowe hili ni kitu kimoja. Viweke pamoja. Visikilize."

Taa ya kabati ilififia, ikarudi, ikafifia. Nyamizi alihisi, ingawa hakuna kilichotikisika, kwamba chini ya godoro lile kitu kikubwa kilikuwa kinageuka ubavu.

"Basi," alisema Somo hatimaye, na utamu ulikuwa umeitoka sauti yake, "nilikuwa najizoeza ugonjwa."

Taa ya chumba cha visu ikazimika. Kabati la dawa likafunguka, si droo moja kama ilivyozoeleka, bali droo zote. Atupele akajishika tumbo kwa mikono miwili, akateleza ukutani hadi chini, akalia kwa sauti bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyamizi alimchoma Milembe sindano pajani, akampa vidonge kiganjani. "Wiki mbili. Usiruke hata siku moja ukijiona nafuu. Na mumeo Masunga naye atameza, na msikutane mpaka nyote mmalize, la sivyo atakurudishia. Kesho kutwa nikuone tena. Homa isiposhuka, nitakubeba mwenyewe siku zote za njia hadi hospitali ya mlimani."

"Na mtoto?"

"Dawa inaua wadudu, dada. Makovu haiyaondoi. Sitakudanganya."

Milembe akatikisa kichwa. Alikuwa bado anatoa vijisauti vidogo, kimoja kimoja, asivyoweza kuvizuia, kama mtoto aliyeanza kusimama dede.

Ndipo Somo alipoanza kuita. Alikuwa amerudi kwenye pumzi zote alizowahi kuzihifadhi, tangu ile ya kwanza, na sauti yake sasa ilipita kwenye kipaza sauti cha mlangoni.

"Holo binti Luhende. Mgonjwa. Aje achukue dawa. Nyamizi binti Shija. Mgonjwa. Aje achukue dawa. Wande binti Kaswiza. Mgonjwa..."

Nje, mmoja baada ya mwingine, waliotajwa walianza kutembea kuelekea zahanati. Chumvi ililia chini ya nyayo zao.

"Kabula binti Ntemi," Somo aliita. "Mgonjwa. Aje achukue dawa."

Nyamizi na Milembe walitazamana. Kabula alikuwa mama yao. Alizikwa ng'ambo ya kisima wakati Nyamizi akiwa chuoni, akisifiwa kwa kufa bila kuguna.

"Kabula binti Ntemi," Somo alirudia, kwa upole. "Hajafika. Kuna wa kumwita?"

Somo alisubiri kidogo, kisha akalitaja jina jingine, na hilo nalo lilikuwa la maiti.

Milembe alinyoosha mkono kwa Atupele akapokea ushanga wake. Hakuuvaa. Aliuchezea, punje hadi punje. "Wasichana wanaingia uani kesho," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nitawafundisha nini mimi? Nimeweza kulia mara moja tu, na sijui hata nimefanyaje."

Nyamizi akapiga magoti mbele yake, akaichukua ile mikono yenye jeraha la uji, akaiweka juu ya tumbo lake mwenyewe, upande wa kushoto, mahali pa jiwe.

"Nitakuja," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwa wanawake waliokuwa wanawasili. "Nitalala mbele yao wote, nawe utabonyeza hapa. Leo nimeshindwa, na kesho huenda nikashindwa tena. Wewe usiutoe mkono. Nakuahidi, dada: nitalia."